Shuka Mbili Nyeupe

Mwaka ule wa sabini na tisa, ukiwa na mgonjwa Isiolo, dawa ya kwanza uliyopewa ni benchi. Lilikuwa benchi refu la mbao, limepigwa misumari kwenye baraza la hospitali ya misheni, mbele ya mlango wa kijani wa chumba cha dharura ambacho mji mzima ulikiita kasualti. Mgonjwa aliingizwa ndani, mlango ukafungwa, na jamaa zake wakabaki wakiutazama huo mlango hadi rangi yake ikawachosha macho.

Sista Wacuka, muuguzi wa zamu, alikuwa upande wa pili. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa Othaya, mwembamba, kofia yake imepigwa wanga na mkanda umembana kiuno. Kazi aliijua. Mji ndio hakuujua, ingawa alikuwa na miaka miwili ndani yake. Aliishi peke yake katika chumba cha mwisho cha nyumba za wauguzi, na chakula chake cha jioni alikila amesimama karibu na dirisha, kwa sababu akiketi mezani kiti cha pili kilimtazama.

Jumanne moja, siku ya mnada wa mifugo, benchi lilikuwa limejaa pomoni. Wacuka alifungua mlango kuita jina, akakuta kijana mrefu amesimama mbele yake. Kijana alivaa kikoi cha buluu na shati la dakroni lililokuwa jeupe asubuhi, sasa lina damu ya mtu mwingine.

"Salaam aleikum, Sista."

"Habari. Keti, utaitwa."

"Nitaitwa na nani? Mimi ni dereva. Mzee nimeleta ameanguka kutoka juu ya lori yetu, na tangu saa mbili niko hapa. Amekufa? Amepona? Anakunywa chai?"

"Anashughulikiwa."

"Hiyo 'anashughulikiwa' nimepewa mara tatu, haishibishi. Sista, hata mbuzi kabla ya kuchinjwa anaelekezwa kibla. Sisi hapa hatuelekezwi popote."

Benchi zima likacheka, kicheko cha watu waliochoka. Uso wa Wacuka ukawaka. Akaubamiza mlango, akasimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akajiuliza angekuwa katika hali gani kama aliye ndani ni baba yake. Baada ya dakika tano akatoka tena.

"Mbavu mbili zimevunjika," akasema. "Anapumua vizuri. Na anatukana mtu kwa lugha yenu, nadhani ni wewe."

"Ananitukana? Alhamdulillahi! Basi ni mzima!" Kijana akaweka mkono kifuani. "Mimi Warsame. Na wewe Sista, kumbe unajua kusema."

Tangu siku hiyo Wacuka alianza mtindo wake mwenyewe. Kila nusu saa alitoka, akasimama mbele ya benchi na kusema lolote lililokuwepo: fulani anashonwa, fulani anangoja damu kutoka Meru, fulani hatujajua bado. Hata "hatujajua" watu waliipokea kwa shukrani. Tabibu mkuu wa kasualti, Hezekiah, hakupenda. "Wewe ni muuguzi au ni redio?" alimuuliza. Wacuka alimjibu kuwa redio huzimwa na hawa watu hawawezi kuzimwa, akaendelea.

Warsame naye aligundua kwamba barabara zote za Kenya zinapita hospitalini. Akirudi kutoka Kinna analeta ndizi. Akirudi kutoka Sericho analeta maziwa ya ngamia ndani ya chupa ya plastiki, yamechachuka kwa safari, na Wacuka anayanywa amefumba macho huku Warsame akimhesabia funda. Akienda Nanyuki kupakia unga, alipiga simu kutoka posta. Simu zote za Isiolo zilipita mikononi mwa Mungania, Mmeru wa makamo aliyekaa posta na waya zake, na mapenzi ya watu alikuwa anayajua kuliko padri.

"Kasualti, habari."

"Sista, Nanyuki hapa. Kuna mgonjwa wa moyo."

"Umri?"

"Thelathini."

"Dalili?"

"Akiona kofia yenye wanga, anapotea njia. Jana kwa beria, kile kizuizi cha barabara, badala ya kukata kona nimeenda moja kwa moja hadi kwa polisi."

"Huyo si wa moyo, ni wa macho. Mpe miwani."

"Sista, usinitibu kwa mbali. Utaniona lini?"

"Dakika tatu zimeisha," sauti ya tatu ikaingia. "Niongeze?"

"Mungania! Unasikiliza?"

"Mimi? Mimi nachunga laini tu. Lakini Sista, huyu kijana mwambie siku, ameuliza vizuri."

Ya dini zao mbili waliyaweka mlangoni kama viatu. Kila mmoja alijua siku moja watatoka na itabidi wayavae tena, ila kwa wakati huo ndani kulikuwa na joto na hakuna aliyetaka kutoka.

Halafu mama yake Warsame akaugua.

Mama Ardo alikuwa mjane, mwembamba na mkali, binti wa askari mzee aliyepewa ploti Isiolo baada ya vita vya wazungu. Saa tatu asubuhi aliletwa kwa mkokoteni amejikunja, tumbo gumu kama ubao. Daktari akamgusa mara moja akasema utumbo umejipinda, ni kupasua sasa hivi. Warsame alikuwa Kulamawe na lori. Aliyekaa kwenye benchi alikuwa mjomba wake Robow, kaka wa mgonjwa na mwenye lori, pamoja na wanawake wanane na wazee wanne wa mtaa.

Wiki hiyo mabomba yalikuwa makavu kwa siku ya nne. Dobi wa hospitali alikaa kivulini. Shuka zote zilikuwa chafu, na daktari, mikono imeinuliwa, akapaza sauti: "Wacuka, waombe jamaa zake shuka. Safi, nyeupe, niweze kuzichemsha!"

Wacuka akatoka mbio. Siku zote alisimama mbele ya benchi na kusema mengi. Siku hiyo alitoa kichwa tu.

"Mzee, nahitaji shuka mbili nyeupe, safi, upesi."

Akafunga mlango.

Kwao Othaya, mtu akilazwa, jamaa hubeba shuka na blanketi na birika la uji. Ndivyo alivyolelewa, na hakufikiri mara mbili. Lakini mbele yake palikuwa na Waislamu kumi na watatu wanaomngoja mtu wao, na huyu ni muuguzi anayejulikana kwa kueleza kila kitu, leo ametoa kichwa, hakumtaja mgonjwa, ametaka nguo nyeupe na kujificha. Nguo nyeupe kwa maiti ni sanda. Mzee Robow akafumba macho. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema, na wanawake wakajifunika nyuso. Hakuna aliyeuliza kitu. Msiba ukishafika watu hawaubishii mlango, na mazishi ya Kiislamu hayangoji jua lishuke.

Baada ya dakika kumi Wacuka akafungua mlango, akakuta benchi tupu, watu wote kumi na watatu wameondoka. Akadhani wamekwenda kutafuta shuka, akashangaa zinahitaji watu wangapi. Daktari akapiga kelele tena. Basi Wacuka akakimbia hadi chumbani kwake, akavua kitanda chake mwenyewe, akarudi na shuka zake mbili.

Saa saba mchana Mzee Robow alirudi na mita za marikani mpya begani, kafuri na chupa ya uturi mkononi.

"Sista," akasema kwa upole, "tumekuja kuchukua mwili."

"Mwili wa nani, mzee?"

"Wa dada yangu."

"Dada yako ameamka. Anataka maji, na nikimnyima ananiita mwizi!"

Mzee akaketi chini palepale sakafuni na marikani yake mapajani, akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha akanyamaza ghafla. "Warsame," akasema. Saa tano alikuwa amemkuta dereva wa lori nyingine anaelekea mashariki, akamtuma na habari. Simu huko haikuwepo. Lililobaki lilikuwa kuwaambia wachimbaji makaburini waache, na kungoja.

Warsame aliambiwa saa nane, chini ya lori, spana mkononi. Aliendesha hadi Isiolo bila kusimama, na hakuenda nyumbani, alikwenda makaburini kwanza ili asikute wamemaliza. Akakuta kaburi wazi na hakuna mtu. Akadhani maiti inaoshwa. Akangoja. Kisha akaingia mle ndani, akapiga magoti, akaanza kuokota kokoto na kuzitupa nje, moja moja, upande ambao ubavu wa mama yake ungelala. Mchunga mbuzi aliyepita ndiye aliyemwambia. "Mama yako? Si anasemekana amefufuka?"

Alipofika wodini, vumbi jekundu lilikuwa limempaka hadi kope. Akaanguka kwenye miguu ya mama yake akalia kama mtoto. Wacuka alisimama kando ya kitanda, anatabasamu, amejawa na furaha yake ndogo aliyodhani ni ya wawili. Warsame akainuka.

"Nimetoa kokoto, Sista. Kwa mikono. Ndani ya kaburi ya mama yangu, asilale vibaya."

"Warsame, mimi niliomba shuka tu. Daktari hakuwa na—"

"Kilomita themanini nimemlilia. Nimekumbuka kila kitu nilimkosea."

"Lakini yuko hai!"

"Najua yuko hai! Kwani wewe hujui? Wewe ndio ulikuwa unatuambia. Wewe peke yako hapa. Hiyo siku moja ya kusema, ukafunga mlango."

Wacuka naye alikuwa amechoka, hajala tangu asubuhi, na uchovu una ulimi wake. "Na mjomba wako je? Hana mdomo wa kuuliza?"

Warsame akapangusa vumbi usoni. "Mtu akiletewa kifo," akasema polepole, "anauliza nini?"

Akatoka. Wacuka alisikia lori likiwaka nje, likaondoka. Kukosea alikuwa amekosea, na alijua. Lakini alikuwa amempa mwanamke yule kitanda chake, na hilo hakulisema.

Miezi ikapita. Simu ya kasualti ililia kwa ajali, kwa tetekuwanga, kwa kuumwa na nyoka. Ikilia, moyo wake uliruka kabla ya mkono, na kila mara ilikuwa ni mtu mwingine. Siku moja Mungania alipiga mwenyewe. "Sista, nilikuwa najaribu laini tu. Laini ni nzima. Usije ukadhani ni laini iliyokatika." Wacuka akamshukuru, akaiweka chini.

Kusema na benchi aliacha. Aliogopa maneno, maana ameona linavyoweza kutoka mdomoni neno safi kabisa na likachimba kaburi. Hezekiah alimsifu kwamba sasa amekuwa muuguzi. Watu wa mnada walimwita Sista wa Shuka, bila ubaya, na wanawake sokoni walicheka wakimwonyesha kwa kidevu. Alikuwa na mji mzima unaomjua na hakuwa na mtu mmoja wa kumuuliza umeshindaje.

Shuka zake, zilizoondoka na mgonjwa alipotoka hospitalini, zilirudi mwezi wa pili baada ya siku ile. Mzee Robow alizileta zimefuliwa, zimekunjwa na kufukizwa ubani. Alitoa salaam, akaondoka. Pembeni lilikuwako jina lake, W. Mugure, alilolishona mwenyewe akiwa chuoni kwa uzi mwekundu. Usiku alilala ndani ya harufu ya nyumba ya watu wengine, na upweke ambao alikuwa ameuzoea ukamuuma upya.

Mwezi wa kumi na moja tangu siku ile, asubuhi ya Alhamisi, mlango wa kijani ukafunguliwa, na aliyeingizwa kwa machela alikuwa Mama Ardo. Safari hii ni kichomi, mapafu yote mawili, na moyo wa uzee uliochoka kusukuma. Wacuka akamwinua kwa mito, akamvisha kinyago cha hewa. Mama akakisogeza.

"Wewe ndio ile ya shuka?"

"Ni mimi, mama."

Kifua chake kikatikisika, kumbe anacheka. "Robow alitaka kurudisha marikani dukani. Nikamwambia, nguo ya mtu imenunuliwa, inarudi aje? Iko kwa kikapu yangu. Mwaka mzima naiangalia. Hainiogopeshi tena." Akavuta pumzi kwa shida. "Mimi niliona jina kwa shuka. Nikamwonyesha Warsame. Akanyamaza. Huyo kiburi yake ni ya baba yake."

"Usiongee, mama."

"Nitaongea. Yeye anangoja vibaya, huyo. Tangu mdogo. Usimtumie mtu. Toka wewe. Na mambo ikiisha, mwambie wazi, usizunguke."

Wacuka akaweka kinyago mahali pake. Akanyoosha kofia. Akafungua mlango.

Warsame alikuwa peke yake mwisho wa benchi, kikapu cha mama yake katikati ya miguu. Alikuwa amekonda. Wacuka akasimama mbele yake jinsi alivyokuwa akisimama zamani.

"Ni kichomi," akasema. "Anapumua kwa shida. Tumempa sindano na hewa. Amenicheka."

Warsame akaitikia kwa kichwa.

Baada ya nusu saa: "Hajapata nafuu. Hajazidi."

"Sawa, Sista."

Nusu saa nyingine: "Amezidi, Warsame. Daktari yuko naye. Anaweza asifike mchana. Njoo ndani."

Sheria ya kasualti ilikataa jamaa kupita mlango ule. Hezekiah akanyoosha mkono kumzuia, akaona uso wa Wacuka, akapisha. Warsame aliingia, akashika mkono wa mama yake, akamnong'oneza shahada sikioni hadi midomo yake ikaifuata. Kisha daktari alihitaji nafasi, wakamtoa, akarudi mahali pake.

Ilipotimia saa tano u nusu Wacuka alitoka tena. Safari hii hakusimama. Muuguzi haketi kwenye benchi la jamaa, hiyo ni desturi ya hospitali zote, lakini yeye aliketi, bega kwa bega naye, mikono mapajani.

"Mama amefariki," akasema. "Sasa hivi. Hakuumia mwishoni. Mkono wake nilikuwa nimeushika mimi."

Mtu aliyekuwa akipita na ndoo alisimama, akaendelea. Warsame hakulia kwa sauti, alikuwa amemlilia mama huyu kilomita themanini karibu mwaka mmoja nyuma, na machozi ya pili yalikuja bila kelele. Akainama, akafungua kikapu, akatoa marikani iliyokunjwa vizuri na kuiweka mapajani mwa Wacuka.

"Alisema wewe ndio utaitaka."

Wacuka aliishika kwa mikono miwili. Alitaka kuomba msamaha, akaona wakati wake si huu.

"Nilijua ya kitanda chako," Warsame akasema, akitazama mlango. "Mwezi wa pili nilijua. Kila nikipita beria nasema leo nasimama. Halafu naona haya, napita. Miezi tisa naona haya, Sista."

"Mimi pia nilikuwa na mdomo, sikuutumia."

"Usiende bado."

"Nina wagonjwa wawili ndani."

"Dakika tatu," akasema, "kama za Mungania."

Wakakaa dakika tatu. Kisha Mzee Robow akatokea na wazee, na Wacuka akainuka akawapa mkono mmoja mmoja, akawaambia nini kimetokea, saa ngapi, na wapi pa kumwoshea marehemu. Wakamsikiliza hadi mwisho. Alasiri ile Mama Ardo alizikwa, na Wacuka, ambaye kwa desturi yao hakuwa na nafasi makaburini, aliutazama mji kutoka dirisha la kasualti, vumbi likipanda upande ule wa makaburi na kutua.

Siku arubaini za msiba hakusikia kitu, na safari hii hakulaumu simu. Siku ya arubaini na tatu ikalia.

"Kasualti, habari."

"Sista, Nanyuki hapa." Sauti ilikuwa nzito. "Sina mgonjwa. Nakupa habari tu. Gari ni nzima, mimi ni mzima, unga umepakiwa. Saa kumi niko beria. Nakuambia ili usikae bila kujua."

Wacuka aliegemea ukuta. Hakuna mtu aliyewahi kumpa yeye habari za anayengojwa. Maisha yake yote alizigawa.

"Nimesikia," akasema. "Asante."

"Kuna lingine. Mjomba anauliza, na mimi nauliza. Baba yako huko Othaya ni mtu wa namna gani?"

"Ni mkali. Ni mzee wa kanisa. Ngamia hajawahi kumwona."

"Na wazee wetu hawajawahi kuona kahawa kwa mti. Sista, dini yako na yangu, hiyo ni kazi, sitakudanganya. Pengine watakataa, huku na huko. Lakini tukija huko nyumbani kwenu, watatuambia kitu, ama watatuweka kwa benchi?"

Kwenye laini mtu wa tatu alikuwa ameacha kupumua. Wacuka akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Watawaweka kwa benchi," akasema. "Siku nzima, najua baba yangu. Lakini nitakuwa ndani, Warsame. Kila nusu saa nitatoka niwaambie."

"Dakika tatu zimeisha," Mungania akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Hizi zingine ni zangu, ongeeni."

Jioni ile Wacuka alipakua chakula chake, akavuta kiti, akala ameketi.